WANAOSOMA MAENDELEO NA WANAOSOMWA

Siku hizi ukimwuliza kijana aliyemaliza kidato cha sita ataka kusomea nini Chuo Kikuu, si ajabu akakujibu, "Maendeleo ya kimataifa." Ukimwuliza tena hayo maendeleo ya kimataifa ni kazi gani, atakuambia kuwa ni kazi ya mashirika. Mzazi wake, ambaye pengine ameuza ng'ombe ili mtoto asome, hulisikia hilo neno "kimataifa" akafurahi, maana lanukia ndege, na gari jeupe lenye bendera, na mshahara wa dola.

Hatuandiki ili kumcheka kijana huyo. Swali lake ni zito, na sisi wa Chama tusipomjibu watamjibu wengine. Tena mwaka 2025 umekwisha mjibu, na umemjibu kwa ukali. Januari ya mwaka huo Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai shirika lake la USAID, lililoundwa mwaka 1961, likafunga kazi zake na mabaki yake yakatiwa katika Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo. Waingereza nao walikuwa wamekwisha ivunja wizara yao ya maendeleo ya kimataifa mwaka 2020, na Februari 2025 wakatangaza kwamba msaada wao utapunguzwa hadi asilimia 0.3 ya pato la nchi yao ifikapo mwaka 2027. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 1970 liliyataka mataifa tajiri yatoe asilimia 0.7! Vijana wengi waliokuwa wakifanya kazi katika miradi, wenye shahada zao safi, waliamka asubuhi wakaambiwa wasije tena kazini. Mtu mmoja katika mji wa Washington aliweka saini, na mganga msaidizi na mwandishi wa takwimu huku Afrika wakakosa kodi ya nyumba.

Kwa hiyo wako watu wanaosema sasa: somo hilo lifutwe, vijana wakasome ufundi. La hasha. Twasema somo hilo lina haja, pengine kuliko masomo mengi. Lakini si kwa namna linavyosomwa sasa, wala si kwa ajili ya kazi ile. Kasoro yake kubwa ni kwamba yule anayesomwa hasomi, na yule anayesoma hasomwi.

Tulitazame neno lenyewe. Kwa Kiswahili maendeleo ni kwenda mbele, na mwenye kwenda ni mwenyewe kwa miguu yake. Huwezi "kumwendelea" mwenzio, kama vile huwezi kumlalia usingizi. Tunacho kitenzi cha kuendeleza, ni kweli, lakini hata hicho hutaka kitu kiwe kimekwisha anzwa na mwenyewe. Hiyo ndiyo maana ya wahenga wetu. Lakini elimu inayoitwa maendeleo ya kimataifa haikuzaliwa na maana hiyo. Ilizaliwa katika ofisi za watu waliokuwa wakiwatawala wengine, na maana yake ilikuwa ni jambo ambalo mtu mmoja humtendea mwingine.

Mwaka 1929 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kwanza ya fedha za maendeleo ya makoloni, na shabaha yake mojawapo, bila kuficha, ilikuwa kuwapatia kazi Waingereza waliokosa kazi kwao. Mwaka 1940 wakapitisha sheria nyingine, ya maendeleo na ustawi. Kwa nini mwaka 1940, vita vikali vikiwa mlangoni? Kwa sababu miaka iliyotangulia watu walikuwa wamechoka. Wafanyakazi wa visiwa vya Karibi waligoma na kupigana na polisi kati ya mwaka 1934 na 1939. Wachimba shaba wa Rhodesia ya Kaskazini waligoma mwaka 1935, wakagoma tena mwaka 1940. Makuli wa bandari za Mombasa, Tanga na Dar es Salaam waligoma mwaka 1939. Msomaji apime mwenyewe kama fedha zile zilitoka katika huruma ama katika hofu.

Baada ya vita vyuo vya Oxford, Cambridge na London vilikuwa na mafunzo maalum ya kumtayarisha Bwana Shauri kabla hajaletwa kwetu: asome sheria, asome mila za makabila, asome lugha kidogo, aje. Makoloni yalipopata uhuru mafunzo ya namna hiyo hayakufa. Yalibadili jina, na baadhi ya waliokuwa maofisa huku wakawa walimu wa maendeleo kule. Mwaka 1949 Rais Truman wa Marekani alikwisha tangaza katika hotuba ya kushika madaraka kwamba nchi yake itazisaidia kwa utaalam sehemu za dunia zilizo nyuma. Tangu siku hiyo zaidi ya nusu ya watu wa dunia wakapewa jina moja, wa Burma na wa Bukoba, wa Peru na wa Pemba, ati wote ugonjwa wao ni mmoja. Waholanzi wakafungua chuo chao mjini The Hague mwaka 1952. Waingereza wakafungua kile cha Sussex mwaka 1966, ambacho mara nyingi huhesabiwa kuwa cha kwanza duniani kwa somo hili. Cha kwanza duniani kwa elimu ya umaskini, nacho kiko pwani ya kusini ya Uingereza!

Lakini tusiwasingizie watu. Hata huko walikuwako waungwana. Dudley Seers, mkurugenzi wa kwanza wa chuo hicho cha Sussex, alisimama mwaka 1969 akawauliza wachumi wenzake swali la maana: msituambie tu kwamba pato la nchi limepanda, je, umaskini umepungua? Je, watu wasio na kazi wamepungua? Je, tofauti kati ya aliyenacho na asiyenacho imepungua? Maswali hayo ni mazuri mpaka leo. Wala hatusemi kwamba elimu ya mgeni ni sumu. Twauliza tu ni nani aliyeulizwa kabla ya kuandikwa.

Mfano ulio karibu nasi ni Kongwa. Wazee wanaujua, lakini vijana wengi wa Chuo Kikuu, tumesikitika kuona, huujua kwa jina tu. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Vita vimekwisha na mama wa London bado anapimiwa siagi kwa karatasi. Kampuni kubwa ya biashara ikaja na shauri: Afrika Mashariki ina ardhi tupu, ilimwe karanga kwa mashine. Ikatumwa timu ndogo chini ya Bwana John Wakefield, aliyewahi kuwa mkuu wa kilimo wa Tanganyika. Wakazunguka kwa wiki chache, nchi nyingine wakiitazama kutoka angani kwa ndege, wakarudi na mpango wa ekari zaidi ya milioni 3 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Kazi ikaanza mwaka 1947.

Yaliyofuata yanajulikana. Matrekta mengi yalikuwa makuukuu yaliyobaki vitani, yakavunjika kwa visiki na mizizi. Udongo wa Kongwa ulioonekana mwekundu na mzuri wakati wa mvua ukawa kama saruji wakati wa kiangazi, karanga hazing'oki. Mvua nayo ikakosa, kama ilivyo desturi yake mahali pale. Mnamo Januari 1951 Serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mpango ule, na fedha zilizopotea zilifika kiasi cha pauni milioni 36. Kwa fedha hizo mngejenga shule ngapi Tanganyika ya siku zile?

Tafadhali msidhani kwamba waliopanga mambo yale walikuwa wajinga. Walikuwa na shahada, na baadhi yao walikuwa na nia njema. Lakini Wagogo walikuwa hapo hapo. Wagogo walijua kwa nini wao hupanda uwele na mtama, na kwa nini hutegemea ng'ombe kuliko shamba. Wazee wao walikuwa hawajaisahau njaa ya Mtunya, ile ya kati ya mwaka 1917 na 1920, iliyoua na kutawanya watu wa Ugogo baada ya majeshi ya vita vya kwanza kuchukua chakula na mifugo yao na mvua kukosekana. Mzee mmoja wa Kigogo asiyejua kusoma angewaambia bure yale waliyokuja kuyajua kwa pauni milioni 36. Hakuulizwa, kwa sababu katika elimu yao yeye alikuwa ni kitu cha kutazamwa, kama udongo na mvua.

Na tabia hiyo haina rangi. Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 na ile iliyofuata iliendeshwa na Waafrika, na nia ya kuwaweka watu pamoja ili wapate shule, maji na zahanati ilikuwa nia ya haki. Lakini mahali pengi watendaji waliokuwa na haraka ya kuwapendeza wakubwa waliwahamisha watu kabla ya kupima maji wala kuuliza juu ya udongo. Mkulima aliyehamishwa kutoka katika shamba lake la migomba hakujali kama aliyemwamuru alitoka Oxford ama Kivukoni.

Sasa tuje Mlimani, maana kule ndiko tulikowahi kuionyesha dunia njia nyingine. Chuo Kikuu cha kwanza cha nchi hii hakikuanzia Mlimani. Kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiozidi 15. Chama kilitoa nyumba yake yenyewe ili wasomi wapate pa kukaa. Mwanachama wa leo asilisahau hilo anapoambiwa kwamba mambo ya Chuo si mambo yake.

Miaka 5 baadaye, tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo hicho na wa vyuo vingine waliandamana mpaka Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Walisema hali yao ingekuwa mbaya kuliko wakati wa ukoloni. Mwalimu alikasirika, wanafunzi karibu 400 wakarudishwa makwao, naye akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Watu wengi huikumbuka hasira ile tu. Yatupasa kukumbuka na kilichofuata. Azimio la Arusha lilitoka Februari 1967, na Machi ya mwaka huo huo ikatoka Elimu ya Kujitegemea, na Chuo kikaitisha mkutano wa kujiuliza kazi yake ni nini katika nchi ya kijamaa. Katika mabishano ya miaka ile likazaliwa somo la maendeleo ambalo kila mwanafunzi alipaswa kulisoma, awe wa udaktari, wa sheria ama wa uhandisi, na mwaka 1973 ikaundwa taasisi yake. Somo hilo lingali likifundishwa mpaka leo kwa wanafunzi wa fani nyingi.

Mtu asipofahamu vizuri ataona ni jambo dogo. Si dogo. Ulaya somo la maendeleo lilikuwa la wachache wanaokwenda kuwatazama wengine. Dar es Salaam likawa la kila msomi kujitazama mwenyewe na nchi yake. Ndipo Mlimani pakawaka moto wa fikra. Walter Rodney, mwana wa Guyana, alifundisha hapo, na mwaka 1972 kitabu chake kilichoeleza jinsi Ulaya ilivyoirudisha Afrika nyuma kikachapishwa Dar es Salaam na London. Hakuuliza, kama walivyouliza wengine, kwa nini Mwafrika ni maskini. Aliuliza ni nani aliyemfanya maskini, na kwa njia gani. Bwana huyo aliuawa kwa bomu mjini Georgetown tarehe 13 Juni 1980. Issa Shivji, wakati ule kijana tu, aliandika mwaka 1970 juu ya tabaka jipya lililokuwa likikua ndani ya Serikali na mashirika yetu wenyewe. Jarida la wanafunzi la Cheche lililochapisha maandishi yake likafungwa mwaka huo huo. Twalitaja hili kwa sababu wako watu katika Chama wanaopenda msomi anayewachambua mabeberu peke yao.

Tena kulikuwa na jambo la pili, ambalo kwa maoni yetu ni kubwa kuliko vitabu. Mwaka 1973 nchi iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 watu wazima wapata milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa kijitabu cha Kiswahili, wakazungumza juu ya malaria, kichocho na kuhara, kisha wakachimba vyoo na kufyeka majani. Hicho kilikuwa Chuo Kikuu cha maendeleo chenye wanafunzi milioni 2. Miaka hiyo hiyo katika Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima alikuwako Budd Hall, na katika ofisi ya utafiti wa ardhi pale Chuoni alikuwako Marja-Liisa Swantz wa Finland. Wakawa wanajaribu utafiti ambao mwanakijiji si wa kuulizwa tu, bali ni mtafiti pamoja nao. Tangu mwaka 1975 mradi wa Jipemoyo ukafanya hivyo katika vijiji vya Bagamoyo. Leo utafiti shirikishi ni somo linaloheshimiwa Ulaya nzima. Na kijana wetu hulipa ada kwenda kufundishwa huko kitu ambacho bibi yake wa Bagamoyo alikitenda akiwa amekaa juu ya mkeka!

Tumeanguka wapi basi? Sababu ni nyingi, lakini ya kwanza ni njaa ya mwalimu. Baada ya vita vya Kagera na bei za mafuta, na baada ya mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, shilingi ilipoteza thamani na mshahara wa mwalimu wa Chuo Kikuu ukawa haumfikishi nusu ya mwezi. Miaka ile ile Benki ya Dunia ilikuwa ikishikilia kwamba fedha za nchi maskini ziende shule za msingi kuliko vyuo vikuu. Mwalimu afanye nini? Wengine wakafuga kuku. Wengine wakaandikia wafadhili ripoti. Profesa Mahmood Mamdani aliueleza ugonjwa huu kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 2007 juu ya Makerere: Chuo Kikuu kinapogeuzwa soko, mwenye fedha ndiye atungaye swali, na msomi hubaki kutafuta jibu. Hatuwalaumu walimu hao kwa kulisha watoto wao. Lakini swali lililonunuliwa hutafutiwa jibu litakalompendeza mnunuzi.

Nenda kijiji kilicho karibu na barabara ya lami, ukae na wazee barazani. Watakuambia wamekwisha ulizwa maswali mpaka wamechoka. Mnakula mara ngapi kwa siku? Kuku wangapi? Choo cha namna gani? Mwanamke akitaka kwenda zahanati huomba ruhusa? Anakuja mwanafunzi na karatasi ya maswali, anakuja mwingine mwaka ujao na karatasi ile ile, anakuja wa tatu na simu badala ya karatasi. Mwanakijiji si mjinga. Akiona kwamba mgeni huyu ataka kusikia njaa humpa njaa, na yule anayetaka kusikia mafanikio humpa mafanikio. Majibu huandikwa kwa Kiingereza, yakapanda ndege, yakawa shahada. Aliyejibu hapati hata karatasi moja. Wala hajui kwamba katika maktaba moja ya Ulaya kijiji chake kimetajwa ukurasa hata ukurasa, na pengine kimesemwa uongo ambao yeye angeusahihisha kwa dakika mbili.

Na hapa ndipo jambo linapotuuma zaidi. Ada ya mgeni katika vyuo vingi vya Uingereza kwa shahada ya pili ya somo hili hupita pauni 20,000, mbali na nauli, chumba na koti la baridi. Kijana wetu akipata fedha hizo, ama za mzazi ama za mfadhili, hufika kule akaambiwa atafute jambo la kuandika. Aandike juu ya nini? Juu ya kijiji chake! Ndiyo kusema amelipa ili apeleke habari za kwao. Zamani walituma mtu wao kuja kutuandika na walimlipa. Siku hizi tunakwenda wenyewe kujiandikisha.

Twasema geuzeni jambo hili. Kijana akifika Sussex ama The Hague asome wenyeji wake. Aende Hamburg, ambako kahawa yetu nyingi hupitia, akaandike jinsi kilo moja iliyotoka Mbinga inavyopanda bei mkono hata mkono, na nani huchukua kiasi gani. Aende kwa wenye bima za meli London. Asome jinsi nchi za Ulaya zinavyowalipa ruzuku wakulima wao huku zikituambia sisi tuache ruzuku. Ahudhurie kikao cha halmashauri ya mji mdogo wa Uingereza uliofungiwa viwanda, aulize maskini wa pale wanakula mara ngapi kwa siku. Mwalimu wake atashangaa kidogo. Na ashangae! Sisi tumekwisha somwa vya kutosha. Bado hatujawasoma wao.

Kwa maana hiyo ndiyo maendeleo ya "kimataifa" kweli kweli: mambo yaliyo kati ya mataifa. Mpango wetu wa kwanza wa miaka mitano, wa mwaka 1964 hadi 1969, ulitungwa wakati bei ya mkonge ikiwa juu sana, na Tanganyika ilikuwa ikiongoza dunia kwa zao hilo. Bei ikaporomoka. Je, mkulima wa Tanga alikuwa mvivu zaidi mwaka 1967 kuliko mwaka 1963? Hakuna mtu aliyepima kuku wake akapata jibu la swali hilo. Jibu lilikuwa katika masoko ya London na katika viwanda vilivyoanza kutengeneza kamba za nailoni. Reli ya Uhuru nayo ilikataliwa na wataalam wa Magharibi kwamba haina faida. Wachina wakatukopesha bila riba na ikajengwa, kilometa 1,860, kati ya mwaka 1970 na 1975. Leo reli hiyo ina taabu zake nyingi, na kijana wa maendeleo angefanya vema kuzisoma, lakini akumbuke kwamba waliosema "haina faida" walikuwa wakihesabu faida ya nani. (Wachina nao tangu mwaka 2016 wana taasisi katika Chuo Kikuu cha Peking inayowafundisha maofisa wa nchi zetu habari za maendeleo. Wanaokwenda huko nao twawaambia lile lile tunalowaambia wa Sussex: wasomeni.)

Mwalimu Nyerere, baada ya kuacha urais, aliongoza Tume ya Kusini kuanzia mwaka 1987, na ripoti yake ikatoka mwaka 1990. Ilishughulika na deni, bei, biashara, na nchi zetu kushirikiana zenyewe. Ni vijana wangapi wenye shahada ya maendeleo wamekwisha ifungua?

Kwa kijana anayeuliza, basi, shauri letu ni hili. Kwanza uwe na kazi mkononi. Uwe mhasibu, mwuguzi, fundi wa maji, bwana shamba, mwanasheria, mwalimu. Halafu maendeleo uyasome juu ya kazi hiyo, maana mtu asiyejua kupima maji wala kusoma hesabu za chama cha ushirika hana cha kuwaendeleza watu ila maneno. Shahada ya kwanza isome hapa nyumbani, au Makerere, au Nairobi. Ukitaka kwenda mbali nenda baadaye, ukiwa na swali lako mwenyewe mfukoni. Wala usisome kwa ajili ya gari jeupe. Mwaka 2025 umeonyesha kwamba funguo za gari lile haziko kwetu.

Kwa vyuo vyetu tuna dai moja tu, nalo ni la lugha. Kiingereza ndicho cha kufundishia Chuo Kikuu, na ugomvi huo ni mrefu, leo tuuache. Lakini kazi yo yote iliyoandikwa juu ya kijiji, mtaa ama kisiwa cha nchi hii, iwe ya mwananchi au ya mgeni, irudi pale ilipotoka kwa Kiswahili, hata kama ni kurasa kumi. Isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, waliohojiwa wapate nafasi ya kusema, "Hapa umekosea." Nakala moja ibaki katika ofisi ya kijiji. Tume ya Sayansi na Teknolojia ndiyo inayotoa vibali vya utafiti. Sharti hilo liandikwe ndani ya kibali, na mwanafunzi asitunukiwe shahada mpaka mwenyekiti wa kijiji ameweka saini kwamba amesomewa. Wako watakaosema ni gharama. Kurasa kumi za Kiswahili ni gharama kwa mtu aliyepata fedha za ndege na za hoteli?

Matawi yetu yasingoje sheria. Kila tawi la kijiji lichague wanachama wawili waende katika ofisi ya kijiji waulize: tangu mwaka 2000 wamefika watafiti wangapi, walitoka chuo gani, waliuliza nini, na ni karatasi ngapi zilizorudi. Waandike majibu kwa ufupi, wayalete kwa Mhariri wa gazeti hili.